Mwisho Tia

Simu niliiegemeza kwenye kopo la sukari,
sauti ya Lali ikatoka na mngurumo wa mashine za meli:
"Shangazi, kwanza kaanga karanga. Usiziunguze.
Wirat anasema zikinukia mpaka nje, umeshachelewa."

Wirat simjui.
Ni Mthai, mpishi mwenzake,
mmoja kitanda cha juu, mmoja cha chini,
na kisu kizuri ni kimoja tu.

Basi nikakaanga.
Vibaba viwili, karanga nyekundu za soko la Malindi,
nikazipepeta uani, maganda yakaruka
mpaka kwa Mama Barke, akakohoa makusudi.
"Leo kashata?"
"Leo mchuzi wa Kithai."
Akanyamaza. Kisha: "Wa nani?"

Kinu changu kina ufa, ila mchi umeuzoea.
Nilitwanga mpaka karanga zikaacha kuwa karanga,
zikatoa mafuta yao wenyewe,
zikanata kama mtu aliyekuja kukopa.

"Tui liwe zito, Shangazi. Kasimile. Usiongeze maji."
Ananifundisha tui!
Nani alimkalisha juu ya mbuzi, ana miaka saba,
akakuna nazi pamoja na kidole?
Kovu analo hadi leo, huko aliko.

"Ukwaju." Upo.
"Sukari guru." Ipo, chungu wameila nusu.
"Mchaichai." Umeota karibu na karo, twautilia chai.
"Pilipili." Hiyo asinieleze.
"Na maji ya samaki waliokaa kwenye chumvi mwaka mzima."

Hapo nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena.
Nikacheka peke yangu, mwiko mkononi.
Nikaroweka kipande cha ng'onda,
maji yake nikayachuja kwa kitambaa cha kichujio cha chai.
Wirat atanisamehe.

Mara ya kwanza tui lilikatika.
Makaa yalikuwa makali, nami nilikuwa nikisikiliza
badala ya kukoroga.
Nikampa paka. Akanusa, akaniangalia, akaenda zake.

Mara ya pili nikayatoa makaa nusu,
nikakoroga upande mmoja, bila kuitazama simu.
Mchuzi ukapumua. Povu dogo, kisha dogo zaidi,
mafuta mekundu yakajikusanya pembeni
kama watoto wanaotaka kuitwa.

"Sasa onja," akasema. "Utamu, uchachu, chumvi, ukali,
wote wakae baraza moja,
asiwepo anayemfunika mwenzake kwa sauti."
Baraza hilo ni lake Lali.
Kwao Wirat sijui wanakaa wapi jioni.

"Halafu, Shangazi, mwisho tia"

Ikakatika.
Mlango wa chuma, mtu akiita kwa lugha nisiyoijua,
basi.

Usiku nikatoa jiko langu kona ya Majengo,
mishikaki ya kuku vijitini, bakuli la mchuzi kando.
Kijana wa tuktuk akachovya, akasimama,
akachovya tena.
"Hii ni nini?"
"Haijaisha," nikamwambia.
Akafurahi. "Basi nipe mitatu."

Leo siku ya tisa.
Ofisi ya meli Mombasa wanasema ni mtandao,
bahari kubwa haina minara.
Wanasema vizuri, kwa upole, kama watu waliozoea kusema.

Kila jioni natia kitu cha mwisho.
Juzi ndimu. Jana dania.
Leo nimekwaruza tangawizi, kidogo, ncha ya kijiko.
Wateja wanakula. Mmoja amesema ya juzi ndiyo hasa,
mwenzake akamkatalia, wakabishana mpaka nyama ikapoa.

Mama Barke amekuja na bakuli lake mwenyewe.
Amelamba kidole, amefikiri sana.
"Pengine," akasema, "alitaka kusema tia kifuniko."

Sikumjibu.
Simu ina chaji.
Sufuria nimeiacha wazi.